Udongo wa Bonde la Rufiji na Mto Unaohama

Kiangazi, maji ya mto Rufiji, Tanzania, yanapopungua, tazama ukingo uliokatwa na mto. Juu kuna tope laini la kijivu, chini yake mchanga, kisha tope tena. Mchanga uliletwa na maji ya kasi. Tope lilitua baada ya mafuriko kutulia. Tabaka hizi sisi wanajiolojia tunaziita mashapo machanga, yaani udongo ulioachwa na maji ambao bado una umri mdogo: yamejengwa katika miaka takriban 10,000 iliyopita, na yanaendelea kujengwa.

Mzigo huo wa mchanga na tope unatoka mbali, kwenye mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Mto ukishatoka kwenye korongo la Stiegler, bonde linatanuka na maji yanapoteza nguvu. Mafuriko yanapovuka kingo, mchanga, ambao ni mzito, hutua hapohapo kando ya mkondo na kuinua kingo. Tope husafiri hadi kwenye mbuga za nyuma, yaani nyanda za chini zilizo mbali na mkondo. Ndiyo maana mtu akitoka mtoni kuelekea mbugani mara nyingi anashuka, hapandi. Wakulima wa Rufiji wanalifahamu hilo kuliko sisi wa maabara: kilimo chao cha mlau hufuata maji yanavyorudi nyuma, mbegu ikitegemea unyevu uliobaki kwenye tope.

Ramani za shule huchora mto kama mstari usiobadilika, na kwa maoni yangu hilo linapotosha sana. Kwenye kona, mto hula ukingo wa nje na kuacha fungu la mchanga upande wa ndani. Kona ikizidi kupinda, mafuriko hukata njia ya mkato, na mkondo wa zamani hubaki ziwa. Hata delta, yaani pale mto unapogawanyika matawi kabla ya kuingia baharini, imehama: mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi yalielekea matawi ya kaskazini, na yale ya kusini yakazidiwa na chumvi. Mashamba ya mpunga yakafuata maji baridi, yasiyo na chumvi, hadi ndani ya mikoko.

Sasa kwenye korongo la Stiegler kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Umeme wake tunauhitaji. Lakini maji yakitulia bwawani huacha mchanga na sehemu kubwa ya tope, na yakitoka bila mzigo huwa na nguvu ya kula sakafu na kingo za mto. Anayejenga au kulima kwenye kona ya nje asogee mbali na ukingo, hasa akiona mizizi ya miti imeanza kuning'inia hewani. Huko delta, mikoko inahitaji tope jipya ili ardhi yake isizidiwe na bahari inayopanda, kwa hiyo kupima mashapo yanayofika huko ni kazi ya kila msimu.