Je, wajua kwa nini mzee wa Marekani hulazimika kumaliza akiba yake ndipo serikali imlipie matunzo?

Mmarekani akifikisha miaka 65 hupata Medicare, bima ya afya ya serikali kuu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Hulipia daktari, upasuaji na kulazwa. Basi wengi huzeeka wakiamini kwamba hata siku watakaposhindwa kuinuka kitandani, bili itapelekwa hukohuko. Haipelekwi.

Medicare ilitungwa ili mgonjwa atibiwe, arudi nyumbani. Mzee aliyevunjika nyonga na kulazwa hospitali angalau siku 3 hulipiwa makao ya uuguzi kwa siku zisizozidi 100: siku 20 za mwanzo bure, zinazofuata akichangia zaidi ya dola 200 kila siku. Lakini yule ambaye hana cha kutibiwa, ila anahitaji mtu wa kumwogesha, kumfunga vifungo vya shati na kumshika mkono hadi chooni, Medicare haimhesabu. Na kazi hiyo ya vifungo na choo ndiyo inayochukua miaka.

Hapo ndipo inapoingia Medicaid, iliyozaliwa na sheria ileile ya 1965. Hii ni ya wasio na uwezo, huendeshwa na majimbo kwa fedha zao na za serikali kuu, na ndiyo mlipaji mkubwa kuliko wote wa matunzo ya muda mrefu nchini humo. Mlango wake ni mwembamba. Katika majimbo mengi, mtu asiye na mwenza hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Mwenye 80,000 benki azitumie kwanza kulipia makao. Je, akizigawa kwa watoto? Maofisa hupekua hesabu zake za miezi 60 iliyopita, na zawadi watakayoikuta humchelewesha kupokelewa.

Akishapokelewa, pensheni yake karibu yote huenda kwa makao. Yeye huachiwa pesa ya mfukoni, ambayo sheria ya serikali kuu inataka isipungue dola 30 kwa mwezi. Dola 30, za kinyozi na soksi! Nyumba yake kwa kawaida haiguswi akiwa hai, lakini tangu 1993 majimbo yanatakiwa kudai fedha zao kwenye mirathi. Mume au mke anayebaki nyumbani, angalau, alikumbukwa na sheria ya 1988: huachiwa sehemu ya akiba na kipato.

Bima binafsi ya matunzo haya ya muda mrefu nayo ipo. Hulipa pale mwenye bima anaposhindwa mambo 2 kati ya 6: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kujizuia haja, na kutoka kitandani hadi kwenye kiti, au kumbukumbu zikipotea kwa maradhi kama ya Alzheimer. Mara nyingi siku 90 za kwanza hujilipia mwenyewe. Na ainunue angali mzima, maana afya ikishaharibika kampuni humkataa.

Kilichoiponza bima hii ni hesabu. Kampuni zilizoiuza miaka ya 1980 na 1990 zilitegemea kwamba wateja wengi wangeacha kulipa njiani, michango yao ibaki kwenye mfuko. Hawakuacha. Waliing'ang'ania, wakaishi sana, na riba za uwekezaji zikashuka. Ada zikapandishwa, kampuni nyingi zikajitoa. Mimi naona huo ni mtego: mtu wa miaka 78 anapopokea barua ya ada mpya, hana pengine pa kwenda. Alipe, akubali kulipwa kidogo, au aache alichokichangia kwa miaka 20.

Lipo daraja kati ya bima na Medicaid, nalo halizungumzwi sana. Linaitwa Partnership. Lilianzia California, Connecticut, Indiana na New York, kisha sheria iliyosainiwa 2006 ikafungua njia kwa majimbo mengine. Katika mengi, kila dola ambayo bima imelipa humkingia mzee dola moja ya akiba. Bima ikimlipia 150,000 hadi ikaisha, anaweza kuomba Medicaid akiwa na 150,000 juu ya zile 2,000, na jimbo halitazidai akifa. Ila bima yenyewe iwe imenunuliwa chini ya mpango huo, na anayeinunua kabla ya miaka 61 sharti achague ile ambayo kiasi itakachomlipa hupanda kila mwaka. Pensheni haikingwi. Hiyo itaendelea kwenda kwa makao, naye abaki na zile za kinyozi.