Kabla ya Kusema "Mwenyekiti Kala Hela"

Katika vijiji vya Chamwino, Bahi au Kongwa, mkoani Dodoma, bomba likikauka mtu wa kwanza kutajwa ni mwenyekiti wa kijiji. Akiondolewa huyo anachaguliwa mwingine, na haupiti muda naye anaitwa mwizi. Huenda wote wawili ni wezi kweli, inatokea. Lakini tatizo likijirudia chini ya watu watatu tofauti, tena kwa msimu uleule, kukagua tabia za watu peke yake hakutoshi.

Tuchukue mfano wa mradi wa kisima kirefu kinachoendeshwa kwa jenereta ya dizeli. Kijiji kina kaya 400, kila kaya inachota ndoo nne za lita 20 kwa siku, na ndoo ni shilingi 50. Hiyo ni shilingi 80,000 kwa siku, yaani 2,400,000 kwa mwezi. Wanakijiji wanaipiga hesabu hiyo vichwani na kuuliza hela zinakwenda wapi. Swali ni halali, ila hesabu yenyewe ni ya Septemba. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua zikishika watu wanakinga maji ya mabati au wanakwenda lamboni. Mauzo yakishuka hadi robo, mwezi mzima unaingiza 600,000. Mlinzi anataka chake vilevile, na fundi pia. Akiba ya kiangazi inaliwa masika, na pampu ikiungua Juni hakuna cha kununulia nyingine. Kama bei ya ndoo ilipangwa kwa kuangalia dizeli na posho tu, bila fungu la kubadilisha pampu, hata malaika akikabidhiwa ofisi maji yatakatika.

Wizi nao hujificha katika pengo hilohilo kati ya hela zinazotarajiwa na zinazoonekana, kwa hiyo pengo lipimwe. Soma mita ya kisimani leo, kisha uisome tena baada ya siku 30. Fanya hivyo kwa mita za vituo vyote vya kuchotea, siku ileile. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50, au shilingi 2,500. Tuseme kisima kimetoa uniti 1,200 na vituo vimepitisha 900. Uniti 300 zimepotea njiani: bomba linavuja au kuna aliyejiunganishia. Hizo 900 zilipaswa kuleta shilingi 2,250,000. Ukijumlisha fedha zilizopelekwa benki na matumizi yenye risiti ukapata 1,400,000, basi shilingi 850,000 zina mwenyewe, na hapo jina litajwe bila aibu. Hesabu zikilingana zote na bado pampu mpya hainunuliki, wa kujadiliwa si mtu tena bali bei na mpango wa akiba. Kosa la kawaida ni kusoma mita za vituo kwa siku tofauti, kisha tofauti ya tarehe ikaitwa wizi.

Tena mara nyingi lawama inakwenda mlango usio wake. Kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, miradi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Mwenyekiti wa kijiji anayezomewa mkutanoni huenda hana kauli yoyote juu ya akaunti ya maji.

Boma la zahanati, yaani jengo lililosimama bila paa, lina kisa kinachofanana na hicho. Wananchi wamechanga, wamefyatua tofali, wamefika kwenye renta, wanasubiri halmashauri iezeke. Miaka inapita, diwani anaambiwa kala hela za mabati. Inawezekana. Lakini kumbuka kwamba mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitoka halmashauri ukaenda TRA, mamlaka ya mapato, na tangu 2021 kodi hiyo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima wa alizeti alipata nafuu, jambo jema, ila halmashauri inayotegemea mazao ilipungukiwa. Diwani hakuyaamua hayo. Swali la kumbana nalo ni jingine: je, boma letu lilikuwa kwenye bajeti iliyopitishwa? Kama lilikuwamo, fedha zilitoka lini na zilifanya nini?

Kuna upande wa pili ambao hausemwi vya kutosha. "Ni mfumo" limekuwa neno la kujifichia. Mwenyekiti wa kijiji halipwi mshahara, na hiyo ni kasoro ya kweli. Lakini anayedai elfu mbili ili agonge mhuri kwenye barua ya utambulisho wa mjane amechagua kudai. Kasoro inatueleza kwa nini wenye tabia hiyo ni wengi; haimsafishi yeye.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) inaonyesha namna pande hizi mbili zinavyokwenda pamoja. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilitaja vikundi hewa na marejesho yasiyorudi katika halmashauri nyingi. Kuchukulia hatua maofisa peke yao kusingetosha, kwa sababu njia ya kuchagua vikundi na kufuatilia madeni ilikuwa ileile. Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji, na uliporejeshwa 2024 ulikuja na utaratibu mpya, halmashauri 10 zikiteuliwa kujaribu kupitia benki, Jiji la Dodoma likiwamo. Waliochota fedha kwa majina ya uongo bado wanapaswa kuzirudisha.

Kwa hiyo ukiona kosa lina jina, tarehe na kiasi, lipeleke kama tuhuma: kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kusema, au TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, kwa namba 113, bila malipo. Sema ulichokiona, ambatisha nakala za risiti au picha za mita, acha kukisia. Ukiona kosa linajirudia kwa kila anayekalia kiti, liandike kama hoja: kanuni gani inalileta, nani ana uwezo wa kuibadili, na ibadilishwe iwe nini. "Mfumo mbovu" bila anwani hakuna ofisi itakayoujibu.

Hoja ina majira yake pia. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mapendekezo ya kijiji yanatakiwa yawe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji kati ya Oktoba na Desemba, yapite Kamati ya Maendeleo ya Kata, yafike Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka kabla bajeti haijapitishwa. Bunge la bajeti likianza hapa Dodoma mwezi Aprili, kinachojadiliwa ni kile kilichokwisha kuandikwa. Hakikisheni mtendaji amesoma muhtasari kwa sauti kabla ya mkutano kufungwa, na kijiji kimebaki na nakala yake.