Hagai Hakuwa Mpiga Debe wa Harambee: Kusoma Kurudi kwa Wayahudi kwa Tarehe Zake

Mistari miwili ya kitabu kidogo cha Hagai inajulikana sana makanisani mwetu. Wa kwanza ni ule wa mfuko uliotoboka-toboka (1:6), ambao kamati ya ujenzi huukumbuka bati zikikosekana. Wa pili, ule wa utukufu wa mwisho wa nyumba kuwa mkuu kuliko wa kwanza (2:9), husikika kwenye mkesha wa mwaka mpya, huchapwa kwenye fulana, na wengi huupokea kama ahadi ya cheo kipya kazini au nyumba kubwa zaidi. Sisi tunaofundisha Agano la Kale huulizwa mara kwa mara kama matumizi hayo ni sahihi. Jibu langu huanza na kalenda, kwa sababu Hagai aliweka siku, mwezi na mwaka kwenye kila neno alilolipokea, na tarehe hizo zikirudishwa mahali pake mistari yote miwili hubadilika sura.

Tuanze nyuma kidogo. Yerusalemu ilianguka mikononi mwa Nebukadreza, mfalme wa Babeli, mwaka 586 KK, Hekalu la Sulemani likateketezwa, na sehemu ya watu wa Yuda, hasa wakuu, makuhani na mafundi, wakahamishiwa Babeli. Hawakufungwa gerezani. Vibao vya udongo vilivyopatikana Iraki, vilivyoandikwa kati ya mwaka 572 na 477 KK, vinaonyesha Wayahudi wakilima mashamba ya ufalme, wakilipa kodi, wakikopeshana na kuandikiana mikataba katika kijiji kilichoitwa kwa jina la Yuda. Yeremia alikuwa amewaandikia wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea amani mji waliomo (Yeremia 29), na vibao vile vinaonyesha watu wakiishi hivyo hasa.

Mwaka 539 KK Koreshi wa Uajemi aliingia Babeli. Silinda yake ya udongo yenye maandishi, iliyofukuliwa mwaka 1879 na sasa iko British Museum mjini London, inajisifu kwamba alirudisha miungu ya miji mbalimbali katika mahekalu yao na watu katika makao yao. Yuda haitajwi humo, na anayepewa sifa ni Marduki, mungu wa Babeli. Hata hivyo sera ni ileile tunayoisoma katika Ezra 1, Koreshi anapowaruhusu Wayahudi warudi Yerusalemu kulijenga Hekalu. Waandishi wa Biblia walijua vizuri kwamba Koreshi si mwenzao wa imani, na bado Isaya 45:1 inamwita masihi wa BWANA. Mkristo anayedhani Mungu hufanya kazi kupitia viongozi wa dhehebu lake tu ana haki ya kutatizwa na mstari huo.

Ezra 2 inahesabu waliorudi: watu 42,360, bila watumishi 7,337 na waimbaji 200. Hata wanyama wamehesabiwa, punda peke yao 6,720. Orodha hiyo huwachosha wasomaji, lakini inaonyesha msafara wa watu wa kawaida. Punda walikuwa wengi kuliko ngamia, farasi na nyumbu ukiwajumlisha wote, na mnyama wa mtu wa kipato cha chini ni punda. Wengi wengine walibaki Babeli, na hakuna mahali Ezra anapowalaani kwa kubaki; baadhi yao ndio waliotoa fedha na vyombo kwa ajili ya safari.

Walipofika, kitu cha kwanza kusimama kilikuwa madhabahu. Ezra 3:6 inasema wazi kwamba sadaka zilianza kutolewa kabla msingi wa Hekalu haujawekwa. Waliabudu uwanjani, jua kali, kuta hakuna. Kisha mierezi ikaagizwa Lebanoni, ikaletwa kwa njia ya bahari mpaka Yafa, na watu wa Sidoni na Tiro wakalipwa kwa vyakula, vinywaji na mafuta. Siku ya kuweka msingi vijana walipiga kelele za shangwe, na wazee waliokuwa wameliona Hekalu la kwanza wakalia kwa sauti kuu, hata mtu wa mbali asiweze kutenganisha kilio na furaha (3:12-13). Mara nyingi wazee hao husemwa vibaya mimbarani kama watu wa kuishi na jana. Maandiko yenyewe hayawakemei. Walikuwa wameona mji ukiungua.

Halafu kazi ikasimama kwa takriban miaka 16.

Kwa nini? Ukimuuliza Ezra atakujibu kwamba majirani walipinga, wakawavunja watu moyo na kuajiri washauri wa kuharibu shauri lao kwenye jumba la mfalme. Ukimuuliza Hagai, hataji adui hata mmoja. Yeye anasema watu walisema wakati haujafika, huku wenyewe wakikaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao. Naona vitabu vyote viwili vinasema kweli. Upinzani ulikuwepo, na ulipopoa watu walikuwa wameshauzoea kama udhuru. Koreshi alikufa mwaka 530 KK, mwanawe Kambise akafuata, akaishia mwaka 522, ufalme ukalipuka kwa maasi mpaka mfalme mpya, Dario, alipoyazima. Katika miaka yote hiyo kulikuwa na sababu nzuri ya kungoja kidogo.

Sasa tarehe. Siku ya kwanza ya mwezi wa sita, mwaka wa pili wa Dario, ambayo kwa kalenda yetu ni 29 Agosti 520 KK, Hagai anasimama mbele ya Zerubabeli, liwali wa Yuda, na Yoshua kuhani mkuu. Ilikuwa sikukuu ya mwezi mwandamo, watu wamekusanyika, mwisho wa kiangazi, na mwaka ulikuwa wa ukame. Umande umezuiwa, nafaka, divai na mafuta havipatikani (1:10-11). Mfuko uliotoboka ni habari ya uchumi wa watu hao, mwaka huo. Na tazama anachowaagiza: pandeni milimani, mkalete miti, mkaijenge nyumba. Hatoi kiwango cha fedha kwa kila kaya. Hasomi majina ya waliotoa na wasiotoa. Mwanzoni kabisa watu walikuwa wamechangia kila mmoja kadiri ya uwezo wake (Ezra 2:69). Katika mwaka wa njaa nabii aliomba miguu na mikono. Gharama za fedha, kama tutakavyoona, zilikuja kutoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Kwa hiyo mchungaji anayeisoma Hagai 1 mbele ya waumini waliokosa mvua, kisha akawagawia bahasha zenye kiasi kilichokwisha kuandikwa, amemwongezea nabii maneno.

Siku 23 baadaye kazi ilianza. Neno la utukufu lilikuja tarehe 21 ya mwezi wa saba, yaani 17 Oktoba, ikiwa ni siku ya saba ya Sikukuu ya Vibanda. Haikuwa imetimia hata mwezi tangu watu washike kazi, na katikati yake kulikuwa na sikukuu za kupumzika. Kilichoonekana pale ni kifusi kilichosogezwa na mbao chache. Hagai anauliza: nani amebaki aliyeiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza, na mnaionaje sasa? Si kama si kitu machoni penu? Hapo ndipo yanapokuja maneno ya fedha ni mali yangu na dhahabu ni mali yangu (2:8). Ni maneno kwa maskini waliokuwa wakiionea aibu kazi yao: Mungu hapungukiwi na dhahabu, msijidharau kwa kuikosa. Kisha utukufu unaoahidiwa ni wa nyumba hii, na mstari wa 9 unamalizika kwa neno ambalo fulana huliacha: mahali hapa nitawapa watu amani.

Wakristo wameisoma ahadi hiyo kwa Yesu tangu mwanzo. Waraka kwa Waebrania (12:26) unamnukuu Hagai, Zerubabeli yumo katika ukoo wa Mathayo 1, na katika Yohana 2 Yesu anaposema juu ya kuvunjwa na kusimamishwa kwa hekalu, mwandishi anaeleza kwamba alisema habari za mwili wake. Usomaji huo ni wetu, nami naushika. Lakini usitufanye tuwaone Wayahudi kama wapangaji waliokuwa wakitunza nyumba mpaka tufike. Kwao Hekalu hilo, likiwa limepanuliwa sana na Herode, lilibaki moyo wa taifa mpaka Warumi walipolibomoa mwaka 70 BK, na lilidumu muda mrefu kuliko lile la Sulemani.

Kuna neno la tatu ambalo sijawahi kulisikia kwenye hafla ya kuchangia ujenzi. Tarehe 24 ya mwezi wa tisa, 18 Desemba, kazi ikiwa na miezi mitatu, Hagai anawaendea makuhani na swali la sheria (2:11-14). Mtu akibeba nyama takatifu kwenye upindo wa vazi lake, upindo huo ukagusa mkate, au divai, au mafuta, je, vitu hivyo vitakuwa vitakatifu? Makuhani wanajibu: La. Na aliyetiwa unajisi kwa maiti akivigusa, vitakuwa najisi? Naam, vitakuwa najisi. Nabii anawageukia: ndivyo walivyo watu hawa, na kila kazi ya mikono yao.

Fikiri alichokisema. Watu wale wale waliotii, wanaotoka jasho kwenye eneo la ujenzi wa nyumba ya Mungu, wanaambiwa kwamba kugusa mawe matakatifu hakuwatakasi, ila uchafu wao unaweza kuichafua kazi. Fundi anayemdhulumu kibarua hasafishwi na jengo analolijenga. Mweka hazina wa kanisa vilevile. Baada ya onyo hilo tu ndipo inapokuja baraka ya mstari wa 19, kabla mzabibu na mtini havijazaa chochote.

Wakati huohuo serikali ilifika. Tatenai, liwali wa ng'ambo ya Mto Frati, alikuja kuuliza nani amewapa ruhusa, na akataka majina ya wakuu wao (Ezra 5:3-10). Huyu mtu anajulikana nje ya Biblia pia. Kibao cha Babeli cha mwaka 502 KK kinamtaja liwali wa jimbo hilo kwa jina hilo. Baada ya maasi ya miaka miwili, ujenzi mkubwa mkoani ulikuwa jambo la kuchunguzwa, naye alifanya kazi yake bila fitina. Wazee wa Wayahudi walijibu kwa adabu, wakataja agizo la Koreshi, wakakiri hata makosa ya baba zao yaliyosababisha uhamisho, na hawakuweka vifaa chini wakingoja jibu. Amri ikatolewa itafutwe Babeli, na gombo likapatikana Ahmetha, yaani Hamadan ya leo nchini Irani. Yeyote aliyewahi kufuatilia faili la kiwanja akaambiwa lipo ofisi nyingine atawaelewa wazee hawa.

Jibu la Dario lilizidi ruhusa. Gharama zilipwe kutoka kodi za mfalme za ng'ambo ya Mto, pamoja na wanyama wa sadaka, ngano, chumvi, divai na mafuta (6:8-9). Somo la hapa ni la kawaida mno kuhubiriwa: nyaraka zilitunzwa, maswali ya serikali yalijibiwa kwa ukweli, na imani haikuwa kisingizio cha kukwepa ukaguzi. Hekalu lilikamilika tarehe 3 ya mwezi wa Adari, mwaka wa sita wa Dario, Machi 515 KK.

Bado kuna suala la majirani waliokataliwa walipoomba kujenga pamoja (Ezra 4:1-3). Kifungu hiki kimetumiwa kufungia watu mlango kwa sababu ya kabila, dhehebu au ndoa. Kisome pamoja na Ezra 6:21, ambapo Pasaka ya kwanza baada ya kuwekwa wakfu ililiwa na waliorudi na pia na kila aliyejitenga na uchafu wa mataifa ili amtafute BWANA. Kilichokataliwa katika sura ya 4 ni ubia wa kuitawala kazi. Mezani mlango ulikuwa wazi.

Anayetaka kuisoma habari hii nyumbani au kwenye jumuiya asiisome moja kwa moja kama ilivyochapwa, maana Ezra 4:6-23 inaruka mbele mpaka siku za Ahasuero na Artashasta, wafalme waliokuja baada ya Dario, ili kukusanya visa vya upinzani mahali pamoja. Soma Ezra 1:1 hadi 4:5, ruka mpaka 4:24, kisha Hagai nzima, mistari 38 tu, na Zekaria 1 hadi 8, ambaye alianza kuhubiri miezi miwili baada ya Hagai. Ndipo urudi Ezra 5 na 6. Ukimaliza 6:22 usidhani sura ya 7 ni wiki inayofuata. Ezra mwenyewe, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, alifika Yerusalemu mwaka 458 KK, miaka 57 baada ya Hekalu kumalizika, na habari za Esta zimewekwa ndani ya pengo hilo.