Kudukuliwa si kutapeliwa

Juma lililopita nimelisikia tena, hapa hapa Marikiti, sokoni Mombasa: "Nimedukuliwa!" Aliyesema ni shangazi yangu, muuza viungo. Alipigiwa simu na kijana mwenye adabu: "Mama, kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako, hebu nisomee." Shangazi akavaa miwani, akazisoma moja moja huku akimpimia mteja iliki. Kumbe ndizo namba ambazo WhatsApp humtumia mwenye simu ili kuhakikisha kwamba ni yeye anayejisajili. Kabla ya adhuhuri, jamaa zake wote walikuwa wanaombwa pesa kwa jina lake kwenye WhatsApp.

Kudukua ni kuingia kwenye simu, kompyuta au mtandao wa mtu bila idhini yake, kwa mfano kwa kupitia kasoro ya programu. Basi. Kinachoniuma ni kwamba neno hili sasa linabebeshwa kila msiba wa simu.

Nalo ni neno la kale kuliko kompyuta. Kudukua, sawa na kudukiza, ni kutega sikio kwa siri penye maneno yasiyokuhusu. Mdukuzi wa zamani alijibanza chini ya dirisha la watu usiku, akabana pumzi, akaondoka na siri za nyumba. Hapigi hodi, hakohoi. Neno la Kiingereza lenye maana hii, "hacker", lilikuwa sifa ya fundi mwerevu kwa wanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, miaka ya 1960, ndipo likaja kuharibika baadaye. Letu lilikuwa na wizi wa siri ndani yake tangu mwanzo, na waliolichagua walichagua vyema.

Tapeli ni kinyume chake. Yeye kazi yake ndiyo hodi. Asipozungumza nawe, asipokuita mama, asipokuharakisha, hana la kuiba. Simu ya shangazi haikuvunjwa kitasa. Mlango alifunguliwa mgeni.

Hata eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipokwama Julai 2023, watu walisema imedukuliwa. Serikali ilieleza kuwa mfumo ulifurikishwa maombi mengi kupita kiasi. Aliyewahi kukwama kwenye kivuko cha Likoni asubuhi anaijua hali hiyo: hakuna aliyevunja feri, ila hupiti.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu kila ugonjwa una dawa yake. Dhidi ya mdukuzi, unasasisha programu na kuweka nywila ngumu. Dhidi ya mafuriko, wahandisi huchuja maombi kabla hayajafika. Dhidi ya tapeli, ujuzi unaotakiwa ni wa mtu mwenyewe: kukata simu, kisha kumpigia mhusika kwa namba unayoijua.

Shangazi, kwa kuamini amedukuliwa, alimpelekea fundi simu, ikafutwa yote. Picha za harusi ya bintiye zikapotea, na akaunti ya WhatsApp ikabaki kwa mwizi. Ilitosha kujisajili upya kwa namba yake, na mwizi angetolewa. Kisha aweke PIN ya uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya pili aliyoichagua mwenyewe.

Tulifanya hivyo jioni, tumekaa juu ya magunia ya karafuu. Alinong'ona kwamba "kudukuliwa" kunasetiri zaidi. Namwelewa. Lakini shangazi, aibu ni ya aliyekudanganya. Wakikuuliza, waambie umetapeliwa, na uwasimulie kisa cha zile namba sita, ili ikipigwa simu kama hiyo kwao waikate.