Kabla kiraka chako hakijamfikia mkaguzi: zana za kuchangia PostgreSQL

Takwimu za hospitali na zahanati nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hupitia mfumo wa DHIS2, na chini ya mfumo huo imekaa hifadhidata ya PostgreSQL. Hifadhidata hii haimilikiwi na kampuni yoyote. Ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ikapewa jina la sasa mwaka 1996, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Wanafunzi wanaotufikia huuliza: "Hivi kweli mtu kama mimi naruhusiwa kuugusa?" Unaruhusiwa. Wenye mamlaka ya kuingiza mabadiliko kwenye hazina kuu ni watu takriban 30, lakini kutuma kiraka, yaani faili inayoonyesha mistari uliyoitoa na uliyoiongeza, hakuhitaji kibali cha mtu.

Kilicho haba ni muda wa wakaguzi. Wengi wana ajira zao, na viraka vinavyowangoja ni vingi. Ndiyo maana kuna zana za kunasa makosa madogo madogo kabla binadamu hajayaona.

Laptopu ya kawaida yenye Linux inatosha. Weka git, kompaila ya C, bison, flex na Perl, kisha vuta msimbo. Unaweza kuujenga, yaani kuugeuza kuwa programu inayoendeshwa, kwa njia ya zamani ya configure na make, au kwa Meson, iliyoanza kukubalika katika toleo la 16 la mwaka 2023. Mimi hutumia Meson. Ukibadilisha faili moja haikucheleweshi. Kwa njia yoyote ile, washa cassert, yaani ukaguzi wa ndani wa msimbo, na alama za ufuatiliaji tangu siku ya kwanza. Cassert ikiwa imewashwa, kumbukumbu iliyoachiliwa hujazwa 7f kila baiti. Siku ukichungulia thamani ya kigezo ukakuta 7f7f7f7f, usihangaike kutafuta namba hiyo imetoka wapi: unasoma kitu ulichokwisha kukitupa.

Jambo jingine: usifanye kazi hii ukiwa root, akaunti ya msimamizi mkuu wa kompyuta. Seva yenyewe hukataa kuwaka kwa akaunti hiyo, na wengi hupoteza jioni nzima wakidhani wamekosea kujenga.

Sasa andika make check, au meson test kama umejenga kwa Meson. Amri hii huwasha seva ya muda, huendesha majaribio zaidi ya 200, kisha hulinganisha majibu na yale yanayotarajiwa, neno kwa neno. Ukitaka kuielewa, haribu kitu kwa makusudi. Tafuta ujumbe mmoja wa kosa, tuseme ule wa kugawanya kwa sifuri, ubadilishe herufi moja, jenga tena, endesha tena. Faili ya regression.diffs itakuonyesha mstari wa zamani wenye alama ya kutoa na wa kwako wenye alama ya kujumlisha. Dakika hizo kumi zinafundisha kuliko semina, na nasema hivyo nikiwa mwendesha semina.

Hitilafu ikiwa imejificha, itafuatilie kwa gdb, zana ya kusimamisha programu na kuichungulia ndani. Katika PostgreSQL kila muunganisho una mchakato wake, hivyo uliza kwanza SELECT pg_backend_pid() ndani ya psql, programu ya kuandikia amri za hifadhidata, uchukue namba uliyopewa na uishikishe gdb kwenye mchakato huo. Weka kituo kwenye errfinish: kosa likitokea, programu itasimama hapo hapo na utaona ni nani aliyemwita nani.

Kabla ya kutuma, pitisha pgindent inyooshe mpangilio wa mistari, kisha git diff --check ikukamatie nafasi tupu zilizobaki mwishoni mwa mistari. Kiraka changu cha kwanza kilirudishwa kwa sababu hiyo tu. Tengeneza faili kwa git format-patch, ukisajili kwenye Commitfest, msimu wa ukaguzi unaofanyika Julai, Septemba, Novemba, Januari na Machi. Hapo roboti iitwayo cfbot itakijaribu kwenye mifumo kadhaa, Windows ikiwamo. Kikishaingizwa hazina kuu, mashine za wanaojitolea, kila moja ikiwa na jina la mnyama, huendelea kuujenga msimbo huo na kupiga kelele zikikuta kasoro.

Ukikosa pa kuanzia, kagua kiraka cha mwenzio au sahihisha aya moja ya nyaraka kwenye folda ya doc/src/sgml. Mwenye hamu ya kazi kubwa afungue psql na kuandika \dF. Itatoka orodha ya lugha ambazo utafutaji wa maandishi unazijua: Kiarabu, Kihindi, Kituruki, hata Kiyidi. Kiswahili hakimo. Kwa hifadhidata hii "wanasoma" na "tulisoma" ni maneno mawili yasiyojuana, na kanuni za kuyapatanisha huandikwa kwanza katika mradi wa Snowball, ambako PostgreSQL huzichukua.