Homa pekee haitoshi: bakteria kwenye ngozi iliyobanduka kwa mzio wa dawa

Mgonjwa wa Stevens-Johnson, yaani mzio mkali unaobandua ngozi, mara nyingi kwa sababu ya dawa, akipata homa, daktari wa zamu huandika antibayotiki papo hapo. Namwelewa: ngozi inabanduka, midomo imeganda damu, kipimajoto kinasoma 39. Lakini ugonjwa huu wenyewe huleta homa, na mara nyingi homa hutangulia malengelenge. Antibayotiki ya kubahatisha humwongezea mgonjwa dawa nyingine inayoweza kumletea mzio, na huwapa nafasi bakteria sugu.

Wekundu nao hausaidii. Kwenye ngozi nyeusi sehemu iliyoathirika huonekana ya zambarau au kijivu, na pale ngozi ilipobanduka pote ni pekundu, pawe na bakteria au pasiwe nao. Majimaji mepesi ya manjano ya siku za mwanzo si usaha.

Ninachotafuta ni mabadiliko. Kidonda kilichoanza kufunga kinachimbika upya. Maumivu yaliyokuwa yakipungua yanapanda. Bandeji ikitoka na rangi ya kijani na harufu nzito, nafikiria bakteria aitwaye Pseudomonas. Magamba ya rangi ya asali hunielekeza kwa bakteria mwingine, Staphylococcus aureus. Kisha naiacha ngozi namtazama mgonjwa mwenyewe: mkojo umepungua, anapumua haraka, jana alijibu vizuri na leo anachanganya maneno. Joto likishuka ghafla chini ya 36 naogopa kuliko ile 39 ya mwanzo. Wengi wa wanaofariki kwa ugonjwa huu huuawa na bakteria walioingia kwenye damu, kwa hiyo hapo sisubiri majibu: natoa damu ya kuotesha bakteria maabara, naanza antibayotiki, na naangalia kanula (mrija wa kwenye mshipa) isiwe imepita kwenye ngozi iliyobanduka.

Sampuli ya kidonda nachukua pia, sehemu kadhaa. Ila maabara ikiotesha bakteria kwa mgonjwa anayeendelea vizuri, simtibu kwa karatasi. Kidonda kilicho wazi hakikosi vijidudu.

Kabla ya kuandika dawa, uliza iliyomwunguza ni ipi. Kama ni Septrini, ambayo nayo ni antibayotiki, hiyo hairudi, hata maabara iseme inafaa.

Mtoto mdogo aliyebanduka ngozi huku mdomo wake ndani ni safi kabisa ni habari nyingine. Yeye huenda ngozi imebanduliwa na sumu ya Staphylococcus, na antibayotiki ndiyo tiba yake, tena leo leo.