Dar hadi Mwanza kwa ndege: dhana potofu kuhusu saa na umbali

Mama mdogo wangu aliikosa ndege ya Mwanza kwa sababu ya tarakimu. Tiketi iliandikwa 07:00, yeye akasoma saa saba. Alifika uwanjani saa tano asubuhi, kikapu mkononi, akijiona amewahi mno. Ndege ilishaondoka tangu saa moja asubuhi. Alikaa kwenye benchi akiikunja na kuikunjua ile karatasi, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, maana tiketi nilimkatia mimi.

Kudhani kwamba tiketi inahesabu saa kama tunavyohesabu sisi ni kosa linaloumiza kuliko mengine yote. Saa za tiketi zinaanzia usiku wa manane: 07:00 ni saa moja asubuhi, na saa saba mchana ni 13:00. Ukimkatia mzazi tiketi, mwandikie kwa kalamu saa ya Kiswahili pembeni.

Kuhusu umbali, wengi hutaja kilomita 1,100 na ushei. Hiyo ni ya basi: Mbezi, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, ndipo uingie Nyegezi. Angani, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Mwanza, mstari ulionyooka ni takriban kilomita 850. Wapo pia wanaoamini kwamba Nairobi ni mbali zaidi kwa kuwa ni nchi nyingine. Sivyo, kutoka Dar, Nairobi ni kama kilomita 665 tu. Kinachoongezeka ni pasipoti na foleni ya uhamiaji.

Halafu kuna hesabu ya haraka: Airbus A220 inakwenda kama kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo Mwanza ni saa moja na kama dakika moja. Mbona ratiba inakaribia saa moja na nusu? Ratiba haipimi muda wa kuwa angani peke yake. Inaanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa na kuisha inapoegeshwa tena, kwa hiyo kule kujikokota hadi njia ya kurukia na kusubiri zamu kumo ndani yake. Isitoshe, mwendo ule ni wa ndege iliyokwishamaliza kupaa. Chini ya futi 10,000 ndege kwa kawaida haizidi noti 250, yaani kama kilomita 460 kwa saa, na kupaa na kushuka kunakula sehemu kubwa ya safari fupi.

Ndiyo maana pangaboi, yaani ndege za mapanga, nazo zinasingiziwa. Bombardier Q400 inakwenda kama kilomita 660 kwa saa, na kwa Mwanza inachelewa robo saa au zaidi kidogo, si mara mbili kama wasemavyo. Kwa Zanzibar, kilomita 73 hivi, tofauti huioni. Hata ndege ndogo ya injini moja hutumia kama dakika 20.

Anayekwenda Kigali kutoka Nairobi naye aangalie. Tiketi ikisema kuondoka 10:00 na kufika 10:30, asidhani ni nusu saa. Rwanda iko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo safari ni saa moja na nusu.

Na wewe unayempokea mgeni wa Mwanza pale Dar, usipige simu ya lawama dakika ndege inapotua. Yuko kwenye mkanda wa mizigo, anasubiri boksi la sato.